Binti kajiandika Mweusi, baba yake anasema watoto ni Waarabu

Shikamoo Bibi,

Nakuandikia kutoka Houston, Texas. Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora, mume wangu ni Mzanzibari wa Unguja, na babu yake mzaa baba alitoka Oman. Tulikutana Dar es Salaam, tukaoana, halafu tukapata bahati nasibu ya green card tukaja huku binti yetu akiwa bado wa kubebwa. Sasa ana miaka 17. Mdogo wake wa kiume ana 12.

Juzi binti alikuwa mezani anajaza fomu za kuomba vyuo. Kuna mahali wanauliza asili yako, unatiki kisanduku. Akatiki "Mweusi au Mwafrika-Mmarekani", akaendelea na mambo mengine. Baba yake akawa anapita nyuma yake, akasimama, akasoma, akamwambia, "Futa hiyo." Binti akauliza kwa nini. Akajibiwa, "Sisi ni Waarabu." Mume wangu mwenyewe kwenye fomu zote, tangu za uraia mpaka za hospitali, hujiandika "Mweupe", kwa sababu rafiki yake mmoja Mmisri alimwambia kwamba Waarabu huku wanahesabiwa humo. Binti akacheka. Akamwambia, "Baba, hivi umejitazama kwenye kioo?"

Bibi, hapo nyumba ilipasuka. Mume wangu akasema mtoto hufuata kwa baba, baba Mwarabu, babu Mwarabu, basi yeye ni Mwarabu, na akijiandika vingine anamkana mzazi wake. Binti akajibu kwamba mlinzi wa dukani anapomfuata nyuma nyuma hamfuati kwa sababu ya Uarabu. Mimi nikaingilia nikasema andika Mtanzania yaishe. Wote wawili wakanigeukia. Binti anasema Tanzania ni nchi, haimo kwenye visanduku. Mume anasema kama ni nchi basi aandike Zanzibar.

Mimi sikukulia mambo haya. Tabora nilikuwa Mnyamwezi nyumbani na Mtanzania kwingine kote, sijawahi maishani kujiita Mweusi. Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, na mwenzangu mmoja Mmarekani aliwahi kuniambia, "Wewe si Mweusi, wewe ni Mwafrika." Mpaka leo sijui kama alinisifu au alinitenga. Na nikuambie ukweli, mimi pia sipendi mwanangu ahesabiwe pamoja na hawa Weusi wa huku. Sisi tulikuja kufanya kazi, watoto wetu tumewalea kwa adabu. Naogopa akishajiita hivyo atafuata na mambo yao.

Mdogo wake ana rangi ya baba na nywele za baba, na yeye anasema ni Mwarabu. Dada yake anamwita msaliti. Wifi yangu aliyeko Muscat amepata habari, na kwenye grupu la ukoo anatuma sauti ndefu ndefu kwamba mtoto amepotea. Mume wangu na binti yake hawasemeshani.

Naomba unisaidie. Kisheria aandike nini? Akikosea, chuo au ufadhili vinaweza kumponyoka? Na hawa wawili niwapatanishe vipi?

Mama wa Tabora, Houston

*

Marahaba mwanangu.

Nianze na fomu, maana yenyewe ina tarehe ya mwisho na ugomvi wenu hauna.

Kisheria hakuna jibu moja ambalo binti yako analazimika kuliandika. Zamani halikuwa lake kuamua. Katika sensa za Marekani mhesabu alikuja mlangoni, akakutazama, akaandika alichokiona yeye. Kuanzia 1960 watu walianza kujijazia wenyewe, na tangu sensa ya 2000 mtu anaruhusiwa kutiki zaidi ya kisanduku kimoja. Katika sensa ya 2020 waliofanya hivyo walikuwa watu milioni 33.8, kwa hiyo familia yenu si kituko. Binti anaweza kutiki Mweusi peke yake, au Mweusi pamoja na kingine, au akaruka swali zima. Kwenye fomu za vyuo swali hilo ni la hiari.

Kuhusu nafasi ya chuo, mnagombania kitu ambacho siku hizi hakina uzito mnaoudhani. Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi za Harvard na Chuo Kikuu cha North Carolina, ilivikataza vyuo kumpendelea mwombaji kwa ajili ya asili yake. Vyuo vingi sasa vinazificha alama za visanduku hivyo, wanaochagua wanafunzi hawazioni. Kilichobaki ni insha. Mahakama hiyohiyo ilisema mwombaji anaweza kueleza namna asili yake ilivyomgusa maishani, na chuo kikasoma hilo kama sehemu ya habari zake yeye. Binti yako ana cha kuandika, wala hana haja ya kwenda mbali. Ile jioni ya mezani inamtosha.

Fomu ya serikali ya kuomba msaada wa ada, FAFSA, nayo inauliza asili, lakini jibu haliongezi dola wala kupunguza. Ufadhili wa watu binafsi na taasisi ni jambo jingine. Kila mmoja una masharti yake, na huo ndio wa kusoma kwa makini.

Kwa huyo mdogo kuna jambo dogo ambalo wazazi wengi hawalijui. Shule za huko za msingi na sekondari hutakiwa kupeleka takwimu za asili za wanafunzi. Mzazi akikataa kujaza, mfanyakazi wa shule humtazama mtoto na kumjazia kwa macho yake. Kwa hiyo ukidhani kuacha wazi ni kukwepa, umemwachia karani ambaye hakujui. Mjazieni wenyewe.

Fomu nimemaliza. Sasa nije kwa mumeo, na nitamtetea kidogo kabla ya kumlaumu.

Alichokisema kuhusu "Mweupe" hakukibuni. Taratibu za serikali ya Marekani za mwaka 1977 zilimweka ndani ya Mweupe kila mwenye asili ya Ulaya, Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini. Nyuma ya hapo kuna historia ya mahakamani. Kwa miaka mingi mgeni hakuweza kuwa raia wa Marekani asipokuwa mweupe, au, baada ya 1870, mwenye asili ya Afrika. Washami, watu wa Syria na Lebanon, waliohamia huko wakalazimika kwenda kortini kudai kwamba wao ni weupe. Mmoja wao, George Dow wa South Carolina, alishinda rufaa yake mwaka 1915. Kisanduku anachokitumia mumeo kilitafutwa kwa jasho ili watu wapate makaratasi, hakikutafutwa kwa kutazama kioo. Mwezi Machi 2024 serikali ilibadilisha taratibu hizo ikawawekea watu wa Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini kisanduku chao, ingawa fomu nyingi bado ni zile za zamani. Ushauri wa yule Mmisri umeanza kupitwa na wakati.

Tena kwa hesabu ya kwao mumeo hakukosea. Unguja Uarabu ulihesabiwa kwa nasaba, rangi haikuuondoa. Seyyid Barghash, sultani aliyewaletea watu wa mjini maji ya bomba, mama yake alikuwa Mhabeshi, na hakuna aliyethubutu kusema sultani si Mwarabu. Na Tabora yenu unaijua. Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, alikuwa mweusi kiasi kwamba Wazungu waliomkuta walikuwa wakiutaja weusi wake katika maandishi yao, na watu wa pwani hawakuona ajabu yoyote katika Uarabu wake. Baba yake alioa kwenu Unyanyembe, binti wa mtemi Fundikira. Simtaji kwa sifa, mali yake ilikuwa pembe na watumwa. Namtaja kwa sababu ndoa kama yenu, ya Mwarabu wa Unguja na mwanamke wa Kinyamwezi, ina zaidi ya miaka mia na hamsini, na watoto wake walijua la kujibu wakiulizwa ni nani.

Wajuzi wa DNA nao wamefika huko. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa mifupa ya watu wa kale waliozikwa katika miji ya pwani yetu, Mtwapa, Manda, Kilwa na kwingineko. Wengi wao zaidi ya nusu ya asili yao ilikuwa ya Kiafrika, hasa kwa upande wa mama, na sehemu kubwa ya iliyobaki ilitoka Asia, hasa Uajemi, kwa upande wa baba. Wazee waliosema "sisi Washirazi", yaani asili yetu ni Shiraz ya Uajemi, walikuwa wakichekwa na wasomi. Baada ya hapo kicheko kimepungua.

Kwa hiyo mwanao alipomwambia baba yake ajitazame kwenye kioo, alimjibu swali ambalo baba hakuuliza. Mzee anazungumzia amezaliwa na nani. Mtoto anazungumzia akitoka nje watu wanamweka wapi. Kila mmoja ana jibu sahihi la swali lake, na kila mmoja anamwona mwenzake mpumbavu.

Mbona mzee akawaka namna ile kwa alama moja? Hukuandika familia yake ilipitia nini, lakini "Unguja" na "babu wa Oman" vinanitosha kukisia. Zanzibar ni mahali ambapo jina la asili liliwahi kuwa na bei. Wakati wa ukoloni wa Mwingereza serikali iliwagawa watu kwa asili, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia hata mgao wa chakula ulifuata hesabu hizo. Watu nao wakajua kusogea. Katika sensa ya 1924 waliojiandika Waswahili walikuwa wengi, kufikia ile ya 1931 wamebaki wachache mno, wengine wamekuwa Washirazi, wengine Wahadimu, wengine Waarabu, na hakuna meli iliyowachukua wala kuwaleta. Kisha zikaja siasa. Chama cha Hizbu, kilichohesabiwa cha Waarabu, mwaka 1955, Afro-Shirazi, cha Waafrika na Washirazi, mwaka 1957, chaguzi za 1961 zilizomwaga damu. Tarehe 12 Januari 1964, siku ya Mapinduzi, ikafika, na jina ambalo mtu alijiita jana likawa linaweza kumuua leo. Ndugu wakajificha, wengine wakapanda majahazi. Waliobaki wengi waliwafundisha watoto wao wasiwataje babu zao barabarani.

Ikiwa mumeo alilelewa katika nyumba ya namna hiyo, basi neno Mwarabu kwake lilikuwa siri ya nyumbani kwa muda mrefu kabla halijawa kisanduku. Sasa yuko katika nchi ambapo anaweza kulitamka bila kuogopa mtu, na mwanawe analicheka. Muulize mkiwa wawili tu, na usimuulize habari za fomu. Muulize babu yake alikuwa wapi mwezi ule. Kama hajawahi kuwasimulia watoto, huu ndio wakati, kwa maana binti wa miaka 17 anayesomeshwa huko anajua habari za Selma na Montgomery, miji ya Marekani walikoandamana Weusi kudai haki, na huenda hajui kilichotokea Unguja alikotoka baba yake.

Utetezi wangu kwa mumeo unakomea hapo.

Mwanangu, katika barua yako kuna sentensi uliyoipita haraka kama mtu anayevuka barabara: mtoto hufuata kwa baba. Umeiandika, ukaendelea na habari za mlinzi wa dukani. Mimi sikuweza kuendelea. Nasaba kwa baba ni jambo la dini na la mila, silipingi, na binti yako jina la baba yake analibeba kwenye kila cheti alichonacho. Lakini mumeo hakuwa akizungumza habari za jina wala za urithi. Alisema "sisi ni Waarabu" mbele ya mama wa Kinyamwezi aliyesimama jikoni, na katika hiyo "sisi" wewe hukuwamo. Ukanyamaza, ukapendekeza Mtanzania.

Rudi ukatazame visanduku vyote vya ile fomu. Hicho alichotiki binti yako ndicho pekee chenye wewe ndani.

Baba yake aliona amekanwa. Wewe uliona ameingia kundi baya. Hakuna kati yenu aliyeona kwamba mtoto ameulizwa wewe ni nani, akajibu kwa mama yake. Labda hata yeye hakuliwaza kwa maneno hayo. Muulize, lakini muulize kama mtu anayetaka kujua.

Na hapa nitakusema wewe, uniwie radhi, kwa kuwa umenipa shikamoo nami nimeitikia. "Hawa Weusi wa huku." "Mambo yao." Mambo gani? Umefika Texas kwa bahati nasibu ya green card. Sheria iliyofungua mlango wa Marekani kwa watu wa mabara yetu ni ya mwaka 1965, ilipita mwaka mmoja baada ya sheria ya haki za raia ya 1964, katika upepo uleule. Kabla yake, nchi yenye watu kama sisi iligawiwa nafasi chache mno. Walioandamana, waliofungwa na kupigwa mabomba ya maji ni hao wa huku. Sisi tuliingia mlango ukiwa wazi, tukakuta wamechoka, tukasema hawana adabu.

Kisha, mwanangu, polisi hawasomi barua zako kwangu. Februari 1999 mjini New York kijana mmoja wa Guinea, Amadou Diallo, Mwislamu, mchuuzi, asiye na silaha, alifyatuliwa risasi 41 mlangoni pa nyumba aliyokuwa akiishi. Hakuna aliyemuuliza kwanza kama ni wa huku au wa kwetu. Binti yako amelielewa hilo mapema kuliko wewe, na amelielewa kwa mlinzi wa dukani, ambayo ni njia nafuu ya kulielewa. Anapojiita Mweusi hakubali wizi wala uvivu. Anataja mahali alipowekwa, na anataja watu waliomtangulia kuwekwa hapo.

Na hao watu jina lao wamelihangaikia. Babu zao waliitwa Negro na wakapigania angalau liandikwe kwa herufi kubwa. Katika miaka ya 1960 vijana wakalikataa, wakachukua Mweusi, neno lililokuwa tusi, wakalivaa kwa fahari. Desemba 1988 Jesse Jackson na viongozi wenzake wakawataka watu waseme Waafrika-Wamarekani, ili jina liwe na ardhi ndani yake kama lilivyo la Wataliano na Waairishi wa huko. Wapo waliolipokea na wapo mpaka leo wanaosema Mweusi linawatosha. Siku hizi kuna wengine wanaotaka wajukuu wa waliotumikishwa Marekani kwenyewe wahesabiwe peke yao, mbali na sisi tuliokuja kwa ndege. Huenda mwenzako wa kazini, kama naye ni Mweusi wa huko, alikuwa na mawazo hayo aliposema wewe si Mweusi, wewe ni Mwafrika. Sioni tusi ndani yake. Pengine alikuwa analinda kitu cha bibi yake. Siku mkiwa na zamu nyepesi, muulize alikuwa na maana gani. Umeishi na sentensi yake muda wote huu bila kumuuliza.

Huo Utanzania wako siudharau. Najua umetoka wapi. Sensa ya mwisho kwetu kuuliza kabila ilikuwa ya 1967, ndiyo maana umekua bila kuulizwa. Tabora yako ndiko chama cha TANU, kilichopigania uhuru, kilikofanyia ule mkutano wa Januari 1958, Uamuzi wa Busara, wa kukubali kuingia katika uchaguzi wa kura tatu ambapo kila mpiga kura alilazimishwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Zuberi Mtemvu, mmoja wa viongozi wa chama hicho, alikasirika akatoka. Na Oktoba 1961, wabunge walipotaka uraia wa Tanganyika uwe wa Waafrika peke yao, Nyerere alisimama akasema serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kukubali uraia unaopimwa kwa rangi. Ni urithi mzuri, nami najivunia. Ila tusijidai sana. Mtu ambaye babu wa babu yake alizaliwa Tanga bado tunamwita Mhindi, na mtoto mwenye nywele laini akipita mtaani tunamwita chotara akisikia. Hatuandiki kwenye fomu, tunasema kwa mdomo.

Na Utanzania huo hauwezi kumsaidia mtu aliyeulizwa swali jingine. Unaweza kuingia chini yake, kwa wino. Kwenye sensa ya 2020 chini ya kisanduku cha Mweusi kulikuwa na mstari wa kuandika umetoka wapi, na fomu nyingi za vyuo humtaka mwombaji aeleze zaidi. Hapo binti aandike Tanzania. Akitaka, atiki na cha pili kwa ajili ya baba yake. Nimesema akitaka. Ana miaka 17, fomu ni yake, sahihi ni yake, na mwakani atakuwa bwenini anajaza nyingine ambazo nyote wawili hamtaziona.

Lakini lile neno la kioo akaliombee radhi. Alama isifutwe. Aende kwa baba yake amwambie, "Baba, nisamehe kwa kukucheka mbele ya mama na mdogo wangu," asiongeze "lakini". Baba naye asidai zaidi ya hilo. Wewe ndiye wa kumwandaa mumeo kabla, usiku, mlango umefungwa. Mwambie ulivyosikia uliposimama pale jikoni. Usimwambie "umenidharau", mwambie, "Uliposema sisi, mimi nilikuwa nani?" Kisha unyamaze mpaka ajibu. Wanaume wa aina yake, ninaowajua mimi, hawakudhamiria. Hawakuwahi kufikiria tu kwamba kuna mtu wa kuulizwa.

Huyo mdogo mwacheni na Uarabu wake. Ana miaka 12, anaiga baba, na hilo ni jambo la heri. Neno msaliti lipigwe marufuku nyumbani leo hii. Dada yake afahamu kwamba mvulana mwenye sura ile na jina la Kiislamu ana walinzi wake wa kumfuata, wa viwanja vya ndege. Na mmoja wenu amweleze mtoto waziwazi kwamba watu watamtendea tofauti na dada yake, si kwa sababu yeye ni bora, na kwamba akiona dada anafuatwa dukani asijifanye hamjui.

Hospitalini, huyo mumeo ajiandike atakavyo, ila daktari aambiwe kwa mdomo kama kwenu au kwao kuna selimundu. Ugonjwa huo uko Unyamwezini na uko Oman, na kisanduku cha Mweupe kinaweza kumfanya daktari asiufikirie.

Amebaki wifi. Usimjibu kwenye grupu, hata akituma sauti ya nusu saa. Huyo ni dada wa mumeo, amjibu mumeo. Akikosa la kumwambia, amkumbushe tu wao wenyewe walivyopokewa Muscat. Sultan Qaboos aliposhika nchi mwaka 1970 aliwaita Waomani wa nje warudi kujenga, na waliotoka kwetu wakarudi na Kiswahili chao na mapishi yao, wakaitwa Wazanzibari. Walikwenda Uarabuni wakaambiwa ni wa Afrika. Wifi yako anazituma hizo sauti kwa lugha gani?